Lisemwalo Lipo? Uhuru wa Gazeti na Wajibu wa Msomaji

Iko methali moja ambayo sisi watu wa pwani tumeipenda mno, mpaka imekuwa kama hoja ya kukatia shauri. Mtu huletewa khabari asiyoijua mwanzo wala mwisho wake, akatikisa kichwa, akasema: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Basi mazungumzo yamekwisha. Hapana tena wa kuuliza ni nani aliyesema, wala alikuwa wapi, wala kwa nini amesema. Leo nataka tuikosoe methali hii mimi nawe, kwani naona imetugharimu zaidi kuliko tunavyodhani.

Nianze na nafsi yangu, maana atakaye kuwakosoa wengine hana budi ajihesabu yeye kwanza. Miaka michache iliyopita nililetewa katika simu sauti ya mtu nisiyemjua. Alikuwa akiwatahadharisha Waislamu wasile mikate ya duka moja la mtaani kwetu, eti trei zake hupakwa mafuta ya nguruwe. Msemaji alianza kwa salamu, akaapa kwa Jina la Mwenyezi Mungu, akamaliza kwa kuwaomba wote wasikiao wawafikishie wenzao wapate thawabu. Pamoja na sauti ile ilikuja picha ya duka lenyewe. Nami kwa pupa ya hizo thawabu nikaipeleka kwa jamaa zangu na kwa kundi zima la wazazi wa madrasa. Haikunichukua hata dakika moja.

Mwenye duka ni mzee mmoja ambaye mtaa mzima umefuturu kwa mikate yake miaka na miaka. Wiki ile mikate ikawa inalala. Wiki ya pili akawaachisha kazi vijana wawili waliokuwa wakimsaidia kukanda unga. Tahamaki, kijana mmoja wa mtaani akagundua kuwa sauti ile ni ya zamani, ilikwisha kuzunguka katika mji mwingine juu ya duka jingine kabisa, na mtu asiyejulikana ndiye aliyeiunganisha na picha ya duka letu. Nikaenda kumtaka radhi. Nikamwambia, "Ami, nimekukosea." Akanijibu, "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini hao uliowapelekea, utawapata wote?" Sikuwa na jibu, na hata leo sinalo.

Basi je, lile lililosemwa lilikuwapo? Halikuwapo. Na lilipokuja, lilikuja kwa kuwa sisi ndio tuliolileta.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba hayo ni mambo ya mtaani, nayo yana uhusiano gani na demokrasia na uhuru wa magazeti? Yana uhusiano mkubwa. Kura ni hukumu. Siku ya kupiga kura kila mmoja wetu anakuwa kama kadhi wa siku moja: anahukumu nani apewe amana na nani apokonywe. Na sisi sote twajua kwamba kadhi hahukumu kwa uvumi. Huita mashahidi, akawatazama uadilifu wao, akasikiliza pande zote mbili. Magazeti, redio, televisheni na sasa simu ndio mashahidi wa mpiga kura, kwa sababu mtu wa Lamu au wa Mkoani hawezi kwenda mwenyewe kuona fedha za hospitali zimetumikaje. Mashahidi wakizibwa midomo, kadhi anahukumu gizani. Lakini pia wakija mashahidi mia na kadhi mwenyewe hajui kumpambanua mkweli na mwongo, hukumu yake itakuwa ya giza vile vile. Kwa hivyo uhuru wa khabari una nguzo mbili: mwandishi asiyeogopa, na msomaji asiyedanganyika. Ile ya kwanza tunaisikia ikizungumzwa kila mwaka. Hii ya pili ni nadra kuisikia, kwa kuwa inatugusa sisi wenyewe.

Katika pwani yetu gazeti si jambo geni wala si jambo la kuigiza. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Mombasa karatasi yake iitwayo Sahifa, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliandika kwa lugha na herufi ambazo watu wa mjini mwake walizizoea tangu chuoni. Makala ya Sahifa yalikuja kukusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Mtu akiyasoma leo ataona kwamba Sheikh hakuwapaka mafuta wasomaji wake. Aliwalaumu kwa kufuja mali katika maharusi, kwa kuiga mambo ya Kizungu bila ya kuchagua lenye manufaa, na kwa kupuuza elimu ya watoto wao, wanawake kwa wanaume. Na aliyaandika hayo kwa jina lake, katika mji wake, mbele ya watu aliokuwa akionana nao msikitini kila siku. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na akafariki mwaka 1947.

Magazeti yale hayakudumu miaka mingi, na yalikuwa yamesimama juu ya mabega ya mtu mmoja. Huo ndio upungufu wake. Lakini yametuachia kipimo. Tulitazame gazeti tunalolinunua leo, tuulize: je, linatuambia na yale tusiyopenda kuyasikia? Au linatuambia kila siku kwamba sisi ni wema na wale ni wabaya? Gazeti ambalo halijawahi hata siku moja kukuudhi, ewe msomaji, lina shaka.

Wako wacha Mungu miongoni mwetu wasemao kuwa kazi ya magazeti ni kusengenya, na kwamba kufichua aibu za wakubwa ni ghiba, nayo ghiba ni haramu. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwani wasemao hivyo wanaogopa dhambi, na kuogopa dhambi ni jambo jema. Lakini jawabu lake limekwisha kutolewa zamani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, ameeleza katika kitabu chake cha Riyadhu Swalihina mambo sita ambayo kwayo inajuzu kumtaja mtu kwa ubaya wake. Miongoni mwayo ni aliyedhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu, na kutaka msaada wa kuondoa munkari, na kuwatahadharisha watu na shari. Basi fedha za umma zilizoibiwa, dawa za hospitali zilizouzwa dukani, kiwanja cha skuli kilichogawiwa kwa siri, hayo yote ni dhulma ya watu wengi, na aliyeyaandika kwa ushahidi amesimama mahali pa mwenye kudhulumiwa. Ama mambo ya ndani ya nyumba za watu, nani kaachana na nani na nani kaonekana na nani, hayo hayamo katika ruhusa ile. Dini yetu imekataza upelelezi wa siri za watu. Gazeti lichungulie hazina, lisichungulie vyumba. Na msomaji anunuaye gazeti kwa ajili ya vyumba asishangae akikuta kwamba khabari za hazina zimekosa nafasi.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Wazee wetu wa Unguja na Pemba wanazikumbuka zama za siasa, tangu uchaguzi wa Julai 1957 mpaka mwisho wa mwaka 1963. Serikali ya Kiingereza haikuwa ikipenda kukosolewa. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishitakiwa kwa uchochezi kwa ajili ya makala ya gazeti lao la Al-Falaq. Hata hivyo, siasa zilipopamba moto magazeti yalijaa visiwani. Mwongozi lilikuwa upande wa Hizbu, Afrika Kwetu lilikuwa upande wa Afro-Shirazi, baadaye likaja Zanews la wafuasi wa Umma, na mengineyo.

Ukitazama kwa juu utasema: huo ndio uhuru wenyewe, kila upande una mdomo wake. Lakini mdomo ulikuwako, na masikio je? Aliyekuwa wa upande huu alisoma la upande huu, na aliyekuwa wa upande ule alisoma la upande ule. Kila mtu akasadiki lake na kulilaani la mwenziwe bila ya kulifungua. Watu waliozikana pamoja na kuozana wakaacha kununuliana madukani. Siku ya uchaguzi wa Juni 1961, na siku zilizofuata, watu 68 waliuawa. Kisha ikaja Januari 1964, na yaliyotokea yanajulikana, na wako wazee ambao hadi leo hawapendi kuyataja. Mwanachuoni wa tarikh Jonathon Glassman aliandika mwaka 2011 kitabu kizima juu ya jambo hili, akionyesha namna maneno yaliyoandikwa na kusemwa miaka ile yalivyotangulia mawe na mapanga. Mimi sisemi kwamba magazeti peke yake ndiyo yaliyoua; yalikuwako mambo ya ardhi, ya umaskini, ya utumwa uliopita, na hila za mtawala. Nasema kwamba wasomaji walipoyageuza magazeti kuwa bendera, hapakubaki mtu wa kuwauliza waandishi: hili mwalitoa wapi?

Kutokana na hayo wengi hutoa shauri rahisi: basi magazeti na yafungwe, watu wakae kwa salama. Shauri hili limejaribiwa, na matokeo yake tunayo.

Baada ya mapinduzi ya 1964 magazeti yale ya vyama na ya watu binafsi yalizimwa Zanzibar, na kwa muda wa miaka karibu arubaini hapakuwa na gazeti huru lililochapishwa visiwani. Je, uwongo ulikwisha? Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi, ilizuka Pemba, kisha Unguja, khabari ya zimwi waliloliita Popobawa. Watu wazima na akili zao walitoka majumbani wakalala nje mafungu mafungu, karibu na moto, kwa kuogopa. Hapakuwa na chombo ambacho watu wa pande zote walikiamini, kikaenda nyumba kwa nyumba kuuliza kisha kikasema: tumechunguza, na haya ndiyo tuliyoyakuta. Kila mmoja alikuwa ameambiwa na aliyeambiwa. Na katika fazaa ile mgonjwa mmoja wa akili aliuawa na watu mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa yeye ndiye. Maskini yule aliuawa na methali yetu: lisemwalo lipo.

Mwishoni mwa mwaka 2002 likatoka Dira, gazeti la kwanza la watu binafsi Zanzibar tangu mapinduzi, mhariri wake akiwa marehemu Ali Nabwa. Watu walilisubiri kila wiki kwa hamu. Mnamo Novemba 2003, kabla halijapata umri wa mwaka mmoja, serikali ikalipiga marufuku kwa sheria ya magazeti ya 1988, na uraia wa mhariri wenyewe ukatiwa shaka. Mtu anaweza kuwa na lake la kusema juu ya makala ya Dira. Mimi pia yako niliyoyaona makali kupita kiasi. Lakini gazeti hujibiwa kwa gazeti, na aliyezuliwa huenda mahakamani. Kulizima ni kuwaambia watu warudi kwenye kunong'ona, na kunong'ona hakuna mhariri wa kushitakiwa.

Kenya nayo ilipata somo lake. Tarehe 30 Disemba 2007, matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa na nchi ikaanza kuwaka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ni kweli kwamba redio nyingine zilikuwa zimetia kuni motoni, na Tume ya Jaji Waki ilizilaumu kwa hilo. Lakini vyombo vyote vilipokatazwa kusema papo hapo, mwema pamoja na mbaya, simu ndizo zilizobaki zikisema, nazo zilijaa ujumbe wa chuki usio na jina la aliyeuandika. Tume hiyo ilihesabu watu 1,133 waliokufa.

Na juzi tu, wakati wa maradhi ya korona, Tanzania ilipofikia wagonjwa 509 katika mwezi wa Mei 2020, hesabu za taifa zilikoma kutangazwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kila nyumba unakumbuka ilivyokuwa: mtu akazikwa, jirani wakaulizana kwa macho. Mmoja akasema ni ugonjwa ule, mwingine akasema ni uzushi wa mabeberu, na hapakuwa na namba ya kuwaamua. Katika hali hiyo, mwishoni mwa Januari 2021, chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilitangaza wazi kwamba kiongozi wao ameambukizwa. Alifariki tarehe 17 Februari, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tangazo lile fupi, lenye jina la mtu na jina la maradhi, liliwafanya watu wengi wavae barakoa na kunawa mikono kuliko miezi mingi ya mabishano. Naliona hilo mtaani kwetu kwa macho yangu. Hivyo ndivyo khabari ya kweli inavyofanya kazi: humwondolea mtu shaka, akajua la kufanya.

Basi ikiwa kuyaachia maneno bila ya wasomaji wenye kupambanua kulituumiza, na kuyafunga kulituumiza, dawa iko wapi? Msomaji mpenzi, dawa tunayo nyumbani, na ajabu ni kwamba tunaisomesha watoto wetu kila siku kisha hatuitumii.

Hujui kwamba umma huu ndio uliobuni elimu nzima ya kupima khabari? Sura ya Hujurat, katika aya yake ya 6, inatuamrisha tuichunguze khabari tuletewayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Wafasiri wengi wamesimulia kwamba sababu yake ni mtu aliyetumwa kukusanya zaka kwa Bani Mustaliq, akarejea njiani na kudai kwamba wamekataa na wametaka kumuua, ikakurubia jeshi kutoka kwa neno la mtu mmoja. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa mtu kusimulia kila alisikialo kunamtosha kuandikiwa uwongo. Tazama vizuri: hakusema aliyezua, amesema mwenye kusimulia. Hapo ndipo nilipoangukia mimi na mikate ya yule mzee.

Kwa msingi huo wanavyuoni wetu walijenga elimu ya isnadi. Hadithi haikupokewa mpaka ijulikane fulani kaisikia kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka ifike kwa aliyeshuhudia. Waliandika vitabu vya tabia za wapokezi: huyu ni mkweli lakini husahau, huyu ni mkweli ila uzeeni alichanganya, huyu hajulikani. Mnyororo uliokatika kati waliuita uliokatika, hata kama maneno yenyewe ni matamu. Wala hawakutosheka na mnyororo. Waliyatazama na maneno yenyewe, kama yanapingana na lililo thabiti zaidi.

Na liko jambo moja ambalo nakuomba ulizingatie sana. Hadithi za uwongo zilipoenea, wanavyuoni walifanya nini? Ibnu Jauzi, aliyefariki mwaka 597 wa Hijria, alizikusanya katika kitabu, akaziandika moja moja pamoja na minyororo yake, akaonyesha nani aliyezizua na kasoro yake iko wapi. Aliutoa uwongo hadharani ili upimwe, kisha akawaachia watu macho ya kuujua ukirudi tena. Na wengine wakaja baada yake wakamkosoa hata yeye, wakasema katika hizi ziko ulizozionea. Hiyo ndiyo jawabu yetu kwa wanaotaka kufunga magazeti, na ndiyo jawabu yetu kwa wanaosadiki kila kilichoandikwa. Uwongo hupingwa kwa kukosolewa mbele za watu, na mkosoaji naye hukosolewa.

Sasa tazama simu yako. Ujumbe wenye maandishi ya kuonyesha kwamba umesambazwa mara nyingi ni kitu gani, ila ni khabari ambayo wapokezi wake wote hawajulikani? Hata WhatsApp wenyewe mwaka 2019 walipunguza ujumbe usipelekwe kwa zaidi ya mahali patano kwa mara moja, na Aprili 2020 ule uliokwisha kusambazwa sana wakauwekea mahali pamoja tu. Hao hawakusoma elimu ya hadithi. Sisi tuliosoma tunawapeleka watu mia.

Kwa hiyo nakushauri, ndugu yangu na dada yangu, tuyafanye haya majumbani mwetu, sisi pamoja na watoto wetu.

Kwanza, khabari yoyote ije kwa gazeti au kwa simu, tuulize: nani amesema, na alikuwepo? "Inasemekana" si jina la mtu. "Duru za kuaminika" huenda ni mwandishi mkweli anayemlinda aliyempa khabari, na huenda ni mwandishi mvivu aliyebaki nyumbani. Tutamjua kwa historia yake, je, aliyoyaandika zamani yalisimama?

Pili, tuulize nani analipa. Gazeti halijengwi kwa bei anayolipa msomaji peke yake. Hula kwa matangazo, na katika nchi zetu serikali ni miongoni mwa watangazaji wakubwa, na makampuni yenye fedha hufuata. Si kila anayelipwa ni mwongo, lakini mwenye akili humtazama shahidi anakula kwa nani.

Tatu, tusome mpaka chini. Kichwa cha khabari huandikwa ili ununue, na mara nyingi jambo lenyewe hulikuta katika aya ya mwisho, likiwa dogo kuliko ulivyoahidiwa. Tupambanue pia baina ya khabari na rai. Makala haya unayoyasoma ni rai, yapime.

Nne, picha na sauti nazo ni wapokezi, nazo husema uwongo. Tuulize ni ya lini na ya wapi. Zama hizi mashine huweza kutengeneza sauti ya mtu na uso wake vikasema asilolisema. Yaliyomfika muuza mikate wetu yalikuwa hila ya kitoto kulinganisha na haya.

Tano, tusome na la upande wa pili, khasa wakati wa uchaguzi. Kadhi aliyesikia upande mmoja hajahukumu.

Sita, na ndilo gumu kuliko yote: tukigundua kuwa tulisambaza uwongo, tuurudie njia ile ile tuliyoipeleka, mtu kwa mtu, tuseme "nilikosea." Na gazeti likikosea tulidai lisahihishe katika ukurasa ule ule lilipokosea, si pembeni chini ya matangazo ya vifo. Gazeti linalokiri makosa yake lastahiki heshima zaidi kuliko lile ambalo halijakosea kamwe.

Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya khabari katika kifungu chake cha 34, na ya Tanzania inatupa katika ibara ya 18 haki ya kutoa maoni na ya kupewa khabari. Ni wajibu wetu kuzidai haki hizo kwa kila njia ya halali, na kusimama pamoja na mwandishi akionewa, hata akiwa si wa upande wetu. Lakini hakuna katiba iwezayo kumuuliza mtu "umetoa wapi?" kwa niaba yako usiku, ukiwa kitandani na kidole chako ki juu ya simu.

Yule mzee alifungua tena biashara yake, lakini trei ni chache kuliko zamani. Bado wako watu mtaani ambao hawanunui kwake, na ukiwauliza kwa nini, wanasema hawajui hasa, ila walisikia jambo. Mimi hununua kwake kila asubuhi. Kila wiki hukumbuka mtu mmoja zaidi niliyempelekea ile sauti, nikamtafuta, nikamwambia ukweli. Sijamaliza.

Ewe Mola wetu, tujaalie ndimi zenye kusema kweli, na masikio yenye kuuliza. Amin.